Chekeche, ungo au kikaango? Kuchagua njia ya kutatua mlinganyo wa integrali usiotulia

Kijana alipiga hodi ofisini kwangu saa mbili asubuhi, ukungu wa Uyole ukiwa bado umelala barabarani.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba, karibu ndani. Za Chimala?"

"Nzuri, ila majibu yamenikatalia."

Alikuwa na vipimo vya mvutano wa ardhi kutoka vituo 81, kimoja kila mita 250, kwenye mstari wa kilomita 20 unaoanzia chini ya mlima pale Chimala na kuingia bonde la Usangu. Alitaka kujua mwamba mgumu umezama wapi na umeinuka wapi chini ya mchanga na tope la bonde. Akaunda matriksi ya 81 kwa 81, akaiambia kompyuta itatue, nayo ikatatua bila kulalamika. Jibu likaja na densiti za mamia ya gramu kwa sentimita ya ujazo: chanya kituo hiki, hasi kituo kinachofuata, mstari mzima kama meno ya msumeno. Risasi yenyewe haifiki 12. Na ukiyarudisha majibu hayo kwenye mlinganyo, yanalingana na vipimo vyake karibu hadi tarakimu ya mwisho.

Hakukosea hesabu. Alichokosa ni njia, na njia ziko kadhaa. Nimeona niziweke hapa bega kwa bega kwa kutumia mstari wake uleule wa Usangu, maana mtu akishasoma kila njia peke yake bado anabaki na swali: mimi nichukue ipi?

Kwa nini jibu halitulii

Mlinganyo wake ni wa Fredholm wa aina ya kwanza, yaani kile kinachotafutwa kimefungiwa ndani ya integrali na hakionekani mahali pengine popote:

g(x) = 2G ∫ d / (d² + (x − t)²) · ρ(t) dt

Hapa g ndicho alichopima juu, ρ ndiyo tofauti ya densiti anayoitafuta chini (ikiwa imeshazidishwa na unene wa tabaka), G ni kigezo cha mvutano cha Newton, na d ni kina. Ili hesabu ifuatike, tumechukulia kwamba tofauti zote zimekaa kwenye tabaka moja jembamba kwenye kina cha kilomita 1, na kwamba ukienda kushoto au kulia kwa mstari mambo ya chini hayabadiliki.

Asubuhi ya Juni, mtu aliyesimama Mwanjelwa akitazama mlima Loleza kupitia ukungu huona mgongo mmoja laini. Makorongo na miti vimefutika. Integrali hii inafanya kazi ya ukungu, na uzuri wake ni kwamba ukungu huu tunaujua kipimo: umbo la chini lenye urefu wa wimbi λ hufika juu likiwa limepunguzwa kwa e^(−2πd/λ). Kwa kina cha kilomita 1, wimbi la kilomita 4 hufika na asilimia 21 ya nguvu yake. La kilomita 2 hufika na asilimia 4 tu. La kilomita 1 hufika likiwa sehemu moja kwa 535. La mita 500, ambalo ndilo fupi kuliko yote yanayoweza kushikwa na vituo vya kila mita 250, hufika likiwa sehemu moja kwa 287,000.

Kutatua ni kurudisha kilichopungua, kwa hiyo kompyuta hulikuza kila wimbi kwa kiasi kilekile lilichopunguzwa. Haijui kipi kimetoka kwenye mwamba na kipi ni kelele ya kipimo. Kosa la 0.01 miligali (miligali ni kipimo kidogo cha mvutano) likikaa kwenye wimbi la mita 500 linageuka miligali 2,870. Meno ya msumeno yalitoka hapo.

Mwaka 1902 Jacques Hadamard, mwanahisabati wa Ufaransa, aliweka masharti matatu ya tatizo lililokaa sawa: jibu liwepo, liwe moja tu, na data zikitikisika kidogo nalo litikisike kidogo. Mlinganyo wetu unavunja sharti la tatu vibaya sana. Na asije mtu akafikiri dawa ni kuongeza vituo. Ukipima kila mita 125 unaruhusu wimbi la mita 250 kuingia kwenye hesabu, na hilo hukuzwa mara bilioni 82.

Dawa ni kukubali kwamba baadhi ya mawimbi hayarudi, kisha kuamua kwa makini yapi yaachwe na kwa namna gani. Wenyewe huiita regularizesheni. Mimi darasani husema utulizaji, na wanafunzi huelewa haraka zaidi.

Njia tatu kwenye meza moja

Ninazozilinganisha kwanza ni tatu. Chekeche ni kukata thamani singula. Ungo ni njia ya Tikhonov. Kikaango ni njia za marudio, nami nimechukua ya Landweber kwa sababu hesabu yake inafanyika hata kwa kikokotoo. Jedwali linaonyesha ni sehemu gani ya kila wimbi inayobaki kwenye jibu baada ya kila njia kupita. Kata ya chekeche ni 0.01, kigezo cha ungo α ni 0.01, na marudio ni 1,600.

| Urefu wa wimbi (km) | Ukuzaji bila utulizaji | Chekeche | Ungo | Kikaango |
|---|---|---|---|---|
| 4 | 4.8 | 1 | 0.998 | 1.000 |
| 2 | 23 | 1 | 0.949 | 0.950 |
| 1.5 | 66 | 1 | 0.697 | 0.308 |
| 1.2 | 188 | 0 | 0.221 | 0.044 |
| 1 | 535 | 0 | 0.034 | 0.006 |
| 0.5 | 287,000 | 0 | 0.000 | 0.000 |

Tazama mstari wa kilomita 1.5 na wa kilomita 1.2. Tofauti yote ya njia hizi imekaa hapo. Kwenye mawimbi marefu zote zinakubaliana, na kwenye mafupi zote zinakubaliana. Zinagombana kwenye ukanda mwembamba katikati, na ukanda huo ndio unaoamua kama mchoro wako utaonyesha ufa mmoja au mabonde matatu ambayo hayapo.

Chekeche

Unga ukipita kwenye chekeche, chembe ama inapita ama haipiti. Njia ya kukata thamani singula iko hivyohivyo. Kompyuta inaichambua matriksi na kuipanga katika maumbo, kila umbo na thamani yake singula, yaani kiasi cha umbo hilo kinachopenya hadi juu, kuanzia kubwa hadi ndogo. Wewe unaweka kata. Yaliyo juu ya kata yanarudishwa kikamilifu, yaliyo chini yanatupwa.

Faida yake kubwa siyo jibu, ni picha inayokupa kabla ya jibu. Chora thamani singula zikishuka, na juu ya mchoro huohuo chora ukubwa wa data zako upande wa kila umbo. Mwanzoni data nazo zitashuka, haraka kuliko thamani singula. Halafu mahali fulani zitaacha kushuka na kulala kama sakafu. Sakafu hiyo ni kelele. Inapoanzia, taarifa za mwamba zimekwisha, na hakuna njia wala programu itakayozifufua. Kila mwanafunzi anayekuja kwangu namtaka mchoro huu kwanza, hata kama mwishoni atatumia njia nyingine kabisa. Kazi yake ni amri tatu au nne kwenye Octave au Python, na zote mbili ni za bure.

Picha hiyo inafundisha jambo ambalo linauma. Kwa kosa la asilimia 1, kata inaangukia kwenye wimbi la kilomita 1.36, fupi zaidi ya hapo huoni. Sasa jitahidi, punguza kosa mara kumi, lifike asilimia 0.1. Utashuka hadi kilomita 0.91 tu. Kazi mara kumi, na pazia linasogea mita 450. Tatizo lenye kiini (kile kinachozidishwa na ρ ndani ya integrali) cha namna hii lina ugumu wa daraja la juu kabisa, na anayeahidi kuona vitu vya mita 100 kwenye kina cha kilomita 1 kwa gravimita, kifaa cha kupima mvutano, peke yake hajakaa chini akapiga hesabu hii.

Ubaya wa chekeche ni ukingo wake mkali. Pale Chimala mlima unakatika ghafla kuingia bondeni, kwa hiyo hata chini tunatarajia mkato wa ghafla. Ukilikata jibu ghafla kwenye mawimbi, mkato huo wa ardhini huzungukwa na vijiwimbi vya uongo pande zote mbili. Mtu asiyejua atavisoma kama mabonde madogo. Jambo jingine, kata ni namba nzima: ukibakiza maumbo 14 unapata picha moja, 15 picha nyingine, na hakuna katikati. Na gharama yake hupanda kwa mchemraba. Mara mbili ya vitu visivyojulikana ni mara nane ya muda. Kwa vitu 81 hata kompyuta kuukuu inamaliza kabla hujaondoa kidole. Kwa vitu 20,000, kuihifadhi tu matriksi kunahitaji gigabaiti 3.2.

Ungo

Mama anayepepeta mchele hachagui punje mojamoja. Anarusha, upepo unachukua makapi yote, unachukua sehemu ya chenga, na unaacha punje nzito. Hakuna mstari mkali. Ndivyo inavyofanya njia iliyoandikwa na David Phillips huko Marekani mwaka 1962 na Andrey Tikhonov huko Urusi ya Kisovieti mwaka 1963. Badala ya kutaka jibu lilingane na vipimo na basi, tunataka jumla hii iwe ndogo kabisa:

‖Kf − g‖² + α² ‖Lf‖²

Hapa K ni ile matriksi ya 81 kwa 81, f ni orodha ya densiti tunazotafuta, g ni vipimo, L ni matriksi tunayoichagua wenyewe, na ‖ ‖ ni ukubwa wa kilicho ndani. Sehemu ya kwanza inauliza: jibu linalingana na vipimo? Ya pili inauliza: jibu lina adabu? Kigezo α ndicho kinachoamua nani asikilizwe zaidi. L ikiwa ya kawaida, yenye 1 kwenye mshazari, wimbi lenye thamani singula σ hubaki kwa kiasi cha σ² / (σ² + α²), na hapo ndipo namba za safu ya ungo zilipotoka.

Kwenye makosa, ungo ni salama kidogo kuliko chekeche. Kwa α ya 0.01, hakuna kosa linaloweza kukuzwa zaidi ya mara 50. Chekeche lenye kata ileile linaruhusu hadi 100. Malipo yake ni kwamba ungo unapunguza hata kilicho kizuri: wimbi la kilomita 1.5 limebaki na asilimia 70 tu.

Kinachonifanya niupende ni ile L. Ukiiacha kuwa matriksi ya kawaida yenye 1 kwenye mshazari, unavuta jibu lote kuelekea sifuri. Ukiweka tofauti ya jirani kwa jirani, unaadhibu mteremko, na mahali ambapo data hazisemi kitu jibu linabaki tambarare badala ya kuanguka sifuri. Ukiweka tofauti ya tofauti, unaadhibu kupinda. Kwa bonde kama Usangu, lenye tope lililojaa pole kwa pole, mimi huanza na mteremko. Mjue tu kwamba ncha mbili za mstari huwa dhaifu, na kilomita ya mwanzo na ya mwisho msizitolee hukumu.

Onyo moja la kiufundi, kwa sababu nimeliona likiharibu kazi nyingi. Kwenye karatasi jibu la Tikhonov huandikwa kama (KᵀK + α²LᵀL)f = Kᵀg. Kᵀ ni K iliyogeuzwa, mistari ikawa safu. Usiiingize hivyo kwenye kompyuta. Kuzidisha KᵀK kunaipiga hali mbaya ya matriksi kwa yenyewe: 287,000 inakuwa bilioni 82, na α ikiwa ndogo tarakimu zako 16 zinaliwa nusu na zaidi kabla hujaanza. Panga K juu, αL chini yake, g juu ya sifuri, kisha tatua kwa miraba midogo, yaani jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa. Ni mistari miwili ya programu na jibu ni lilelile, ila safi.

Kikaango

Mbozi wanapokaanga kahawa nyumbani, hakuna anayeweka moto na kuondoka. Punje huanza kijani, zikawa njano, zikawa kahawia, zikatoa harufu, na dakika chache baadaye zimeungua. Njia za marudio zina tabia hiyohiyo. Unaanza na jibu la sifuri, unapima mabaki (tofauti kati ya vipimo na kile jibu linachobashiri), unarekebisha kidogo, unapima tena. Mawimbi marefu huiva kwanza. Ukiendelea, mafupi nayo huanza kuingia na kelele zao, na picha iliyokuwa inakaribia ukweli inaanza kuukimbia. Idadi ya marudio ndiyo α yako.

Njia ya Landweber ya mwaka 1951 ndiyo rahisi kuelewa: f mpya ni f ya zamani kuongeza ω Kᵀ(g − Kf), ambapo ω lazima iwe ndogo kuliko 2 ukigawa kwa mraba wa thamani singula kubwa kuliko zote. Ukuzaji wa kosa hauzidi kipeuo cha pili cha marudio, kwa hiyo baada ya marudio 1,600 hauzidi 40. Lakini ni mvivu. Ilihitaji marudio hayo yote ili wimbi la kilomita 2 lifikie asilimia 95 ambayo ungo uliipata kwa mpigo mmoja.

Kwa kazi ya kweli tumieni ukoo wa Hestenes na Stiefel wa mwaka 1952, hasa umbo lake liitwalo LSQR lililoandikwa na Paige na Saunders mwaka 1982. Kile ambacho Landweber hufanya kwa maelfu ya marudio, hii huifanya kwa makumi au pungufu. Haihitaji hata kuiona matriksi. Inahitaji tu kujua K na Kᵀ zikizidishwa na vekta zinatoa nini. Kwa mtu mwenye gridi nzima ya Usangu badala ya mstari mmoja, na kompyuta ya kawaida, hapa ndipo pa kuanzia.

Ila kasi ina hatari yake. Kikaango hiki kina moto mkali, na marudio mawili au matatu ya ziada yanatosha kuunguza. Miaka yangu ya mwanzo niliiacha ikimbie usiku kucha nikiamini kwamba kurudia zaidi ni kukaribia zaidi. Asubuhi mabaki yalikuwa madogo ajabu, nikafurahi, nikachora ramani, na wiki mbili za ufafanuzi zikajengwa juu ya kelele. Nilirudia kazi yote. Tangu hapo sianzi kabla sijaandika sharti la kusimama.

Ufa ukiwa ndio unaotafutwa

Njia zote tatu zinapenda vitu laini, na nyanda zetu hazikuumbwa laini. Hapa Mbeya ndipo mikono ya Bonde la Ufa inapokutana, wa Rukwa, wa Usangu na wa Ziwa Nyasa, na kingo zake nyingi ni mikato. Ikiwa swali lako ni "ufa uko wapi hasa", adhabu ya mraba inakuumiza, kwa sababu inaona hatua moja kubwa ni mbaya kuliko vihatua kumi vidogo. Badilisha: jumlisha ukubwa wa miteremko bila kuipiga mraba. Rudin, Osher na Fatemi waliileta njia hii kwenye picha mwaka 1992. Kwayo hatua moja kubwa na vihatua kumi vinagharimu sawa, hivyo mkato unaruhusiwa kubaki mkato. Gharama ni kwamba mlinganyo haunyooki tena. Lazima utatuliwe kwa mizunguko, na mteremko wa kweli wa polepole huweza kugeuzwa ngazi.

Kabla ya hapo kuna sharti la bei rahisi ambalo watu hulisahau. Tope ni jepesi kuliko mwamba. Tofauti ya densiti ndani ya bonde basi haitakiwi kuvuka sifuri kwenda chanya. Kuilazimisha kompyuta iheshimu alama hiyo moja kunaua msumeno wote kwa pigo, kwani msumeno hauwezi kuishi bila chanya na hasi kupokezana. Mara nyingi nimeona sharti la alama likisaidia kuliko kubadili njia.

Na kama integrali yako haifiki mwisho wa mstari bali inaishia kwenye x yenyewe, kama ya Volterra au ya Abel, ugonjwa ni mdogo zaidi. Hapo hata ukubwa wa hatua unaweza kuwa dawa: usiifanye ndogo kupita kiasi, basi.

α inatoka wapi

Nasema hili kwa uhakika wa miaka: kuchagua α vibaya kunaharibu kuliko kuchagua njia vibaya. Ungo wenye α mbovu ni mbaya kuliko chekeche lenye kata nzuri.

Kanuni ya Morozov ya mwaka 1966 ni ya mtu mwaminifu. Ukijua kosa la vipimo vyako, usilazimishe jibu lilingane na vipimo kuliko kosa hilo. Kosa likiwa miligali 1 kwa kituo, kwa vituo 81 jumla yake ni 1 mara kipeuo cha pili cha 81, yaani 9. Tafuta α ambayo mabaki yake ni 9 au kidogo zaidi. Imekwisha.

Mkunjo wa herufi L, uliopewa nguvu na Per Christian Hansen wa Denmaki mwaka 1992, hauhitaji kujua kosa. Unachora ukubwa wa jibu dhidi ya ukubwa wa mabaki kwa vipimo vya logi, unatafuta kona. Ni mzuri kwa macho, ila jibu la kweli likiwa laini sana kona hupotea na kila mtu akaiona pake.

Njia ya tatu, ya Golub, Heath na Wahba ya mwaka 1979, inauliza: nikificha kituo kimoja, vilivyobaki vinakibashiri vizuri kiasi gani? Nayo haihitaji kujua kosa. Inahitaji makosa ya vituo yasiwe na undugu. Na hapa Chimala inatufunga. Mlima ulio juu ya mstari unavuta gravimita, na lazima mvuto wake uondolewe kwa hesabu ya umbo la ardhi. Hesabu hiyo ikikosea, inakosea kwa vituo jirani pamoja, upande mmoja. Njia hii huona majirani wakikubaliana, ikadhani ni mwamba, ikachagua α ndogo mno. Pwani kwenye tambarare ningeitumia. Chini ya mlima, hapana.

Anatoly Bakushinsky alionyesha mwaka 1984 kwamba hakuna kanuni isiyojua kiwango cha kosa inayoweza kuhakikishiwa kufika kwenye jibu la kweli katika kila hali. Hizo mbili za mwisho ni msaada mzuri tu, dhamana hazina.

Basi achukue ipi

Mstari mmoja, vitu chini ya elfu mbili hivi: chekeche kwa ajili ya picha, kisha ungo wenye adhabu ya mteremko na sharti la alama, α kwa Morozov. Gridi kubwa: LSQR, kusimama kwa Morozov. Mkato ukiwa ndio swali: anza na ungo ili ujue data zinabeba nini, halafu ndipo uende kwenye adhabu isiyo ya mraba. Kosa halijulikani na haliwezi kujulikana tena: mkunjo wa L, pamoja na majibu ya α tatu, ndogo, ya kati na kubwa, yakiwa kwenye ukurasa mmoja ili msomaji aone kipi kinabaki na kipi kinabadilika.

Nilimwuliza kijana kosa lake ni kiasi gani.

"Mashine inasoma 0.001 miligali, mwalimu."

"Na kimo cha kila kituo ulikipataje?"

Alikipata kwa GPS ya mkononi. Tukakaa na karatasi. Mvutano hupungua kwa 0.3086 miligali kila ukipanda mita moja. Ukitoa mvuto wa mwamba uliopo kati, wenye densiti ya 2.67, inabaki kama 0.2. GPS yake ikikosea mita 5, hiyo ni miligali 1. Kosa lake halikuwa 0.001, lilikuwa mara elfu moja ya hapo, na angempa Morozov namba ya mashine, msumeno ungerudi vilevile. Kama bonde linashusha mvutano wake kwa miligali 20, kosa ni asilimia 5, na kwa asilimia 5 pazia liko kwenye wimbi la kilomita 2.1. Vimo vyenye kosa la sentimita 10 vingemfikisha asilimia 0.1, yaani kilomita 0.91.

Alinyamaza akitazama zile namba mbili. Kisha akauliza kama naweza kumsaidia kuazima kifaa cha kupimia vimo, kile cha miguu mitatu. Jumatatu alfajiri alipanda basi la Chimala akiwa nacho. Vituo 20 atavipima mvutano mara mbili, asubuhi na jioni, ili kosa lake safari hii alitoe shambani.